Sauti za Waliokubali: Usimulizi katika Albamu ya Year Zero

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapotajiwa wimbo, aghalabu fikira zake huelekea kwenye nyiso, tumbuizo, nyimbo za kazi au taarab. Huuona wimbo kuwa utungo mfupi unaojitosheleza, wenye kiitikio chake, hadhira yake na tukio lake. Ni nadra kwake kuufikiria wimbo kama sura mojawapo ya hadithi ndefu, inayotegemea sura iliyoitangulia na kuiandalia njia ile itakayoifuata. Hata hivyo, katika muziki wa roki wa Uingereza na Marekani kumekuwapo, tangu miaka ya 1960, utanzu ambao umeufanya wimbo kuwa hivyo hasa.

Makala haya yanachunguza kazi moja ya utanzu huo, nayo ni albamu iitwayo Year Zero, yaani mwaka wa sifuri, iliyotolewa Aprili 2007 na mradi wa Nine Inch Nails unaoongozwa na mwimbaji Mmarekani Trent Reznor. Ni albamu ya muziki wa kielektroniki wenye giza na kelele, inayosawiri Marekani ya miaka kumi na mitano baadaye ikiwa imetekwa na utawala wa kidini na kijeshi. Hoja inayoongoza makala haya ni kwamba nguvu ya kazi hii haimo katika ubashiri wake. Nguvu hiyo imo katika uteuzi wa nafsineni. Badala ya kumpa mtawala dhalimu jukwaa, mtunzi amewapa nafasi watu wa kawaida walioukubali udhalimu, kila mmoja kwa sababu yake, na wote wanazungumza kwa nafsi ya kwanza.

MSANII NA MRADI WAKE

Trent Reznor alizaliwa mwaka wa 1965 katika jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa kijana alihamia mji wa Cleveland, Ohio, akaajiriwa katika studio ya kurekodia muziki. Nyakati za usiku, studio ilipokuwa haina wateja, alirekodi nyimbo zake mwenyewe, akipiga ala nyingi pekee yake. Kutokana na juhudi hizo Nine Inch Nails ilizaliwa mwaka wa 1988, na albamu ya kwanza, Pretty Hate Machine, ikatoka mwaka wa 1989.

Ifahamike kwamba ingawa jina hilo husikika kama la bendi, kwa takriban miaka ishirini na minane Reznor ndiye aliyekuwa mwanachama rasmi wa pekee. Wanamuziki wengine walialikwa kwa ajili ya ziara na maonyesho, kisha wakaenda zao. Ni mwaka wa 2016 ambapo Mwingereza Atticus Ross alitangazwa kuwa mwanachama wa pili. Kwa hivyo Year Zero ni kazi ya mtu mmoja kwa kiasi kikubwa, japo Ross alishirikiana naye katika uandaaji, na mshairi Saul Williams akachangia sauti katika baadhi ya nyimbo.

Kabla ya albamu hii, kazi ya Reznor ilijulikana kwa kuchimba nafsi ya mtu mmoja. The Downward Spiral ya mwaka wa 1994 ni mfano mwafaka, kwani inamfuata mtu mmoja anavyoporomoka ngazi baada ya ngazi, akikata uhusiano na dini, jamii na hatimaye na uhai wenyewe. "Mimi" wa albamu hiyo ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na wasikilizaji wengi walimchukulia kuwa Reznor mwenyewe. Year Zero ilileta mabadiliko makubwa. Mtunzi aliyezoea kuchungulia ndani ya moyo wake aligeuza uso akatazama nje, kwenye nchi yake iliyokuwa vitani nchini Iraq chini ya utawala wa Rais George W. Bush. "Mimi" aliendelea kusikika, lakini hakuwa tena Reznor.

DHANA YA ALBAMU-SIMULIZI

Albamu ya kawaida ni mkusanyiko. Nyimbo zake zaweza kupangwa upya bila kuathiri maana. Kinyume chake, albamu yenye dhana moja, ambayo hapa itaitwa albamu-simulizi, hufungamanishwa na kisa, wahusika au wazo kuu, na msikilizaji hutarajiwa kuisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mpangilio uliokusudiwa. Mifano inayotajwa mara nyingi ni Tommy (1969) ya bendi ya The Who na The Wall (1979) ya Pink Floyd. Zote mbili zina mhusika mkuu mmoja. Ya kwanza inasimulia maisha ya mvulana asiyeona, asiyesikia wala kusema, na ya pili inahusu mwanamuziki anayejijengea ukuta kati yake na walimwengu.

Utanzu huu umekuwa na uhusiano wa karibu na fasihi andishi. David Bowie alitamani kuigeuza riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four (1949), iwe tamthilia ya muziki. Mjane wa Orwell hakutoa idhini, na nyimbo kadhaa alizokuwa ameanza kuzitunga zikaishia katika albamu yake ya Diamond Dogs (1974). Mwingilianomatini wa aina hiyo unaonyesha kwamba riwaya ya distopia, yaani ile inayosawiri jamii ya baadaye iliyoharibika kwa sababu ya mambo yanayotendeka sasa, imekuwa chemchemi ya muziki huu kwa muda mrefu. Year Zero ni mtoto wa ukoo huo, lakini imetofautiana na wazazi wake kwa jambo moja kubwa, kwamba haina mhusika mkuu.

ULIMWENGU WA HADITHI

Hadithi imewekwa katika mwaka wa 2022. Katika ulimwengu huo, serikali ya Marekani imetangaza kwamba taifa limezaliwa upya, na kwa hivyo hesabu ya miaka inaanza tena kutoka sifuri. Hapo ndipo jina la albamu linapotoka. Tangazo hilo halikuja ghafla. Lilitanguliwa na mashambulizi ya kigaidi, vita visivyokwisha na uharibifu wa mazingira. Kila msiba uliwapa watawala kisingizio cha kuondoa haki nyingine, hadi wananchi wakasahau idadi ya haki walizokuwa nazo.

Katika kisa hicho kuna dawa iitwayo Parepin. Serikali huitia katika maji ya kunywa na kuwaambia raia kwamba inawakinga dhidi ya silaha za kibayolojia. Wanaoichunguza wanagundua kuwa athari yake ya kweli ni kuwafanya watu wawe watulivu, wasiojali na wasiopinga. Kuna pia idara ya maadili inayochunguza mienendo na mawazo ya raia. Na kuna jambo la ajabu zaidi, ambalo ni umbo kama mkono mkubwa linaloonekana likishuka kutoka mbinguni. Wengine wanadhani ni mungu, wengine kwamba ni njozi iliyoletwa na dawa, na wengine kwamba ni onyo la mwisho kwa binadamu. Kazi yenyewe haitoi jawabu. Wimbo wa "The Warning" unamchukulia mgeni huyo kuwa mjumbe aliyekuja kuwaambia watu kwamba muda wao unakwisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna wimbo hata mmoja unaoueleza ulimwengu huu moja kwa moja. Hakuna msimulizi maizi anayefungua pazia na kusema palikuwa na nchi hivi na hivi. Msikilizaji hutupwa katikati ya mambo, akaachwa ayaunganishe mwenyewe kutokana na kauli za watu ambao, kwa kuwa wanaishi humo, hawaoni haja ya kuyaeleza.

NAFSI NYINGI, KINYWA KIMOJA

Albamu ina vipande 16. Kipande cha kwanza hakina masimulizi, ni mdundo wa ngoma na gitaa unaopanda hadi ukafunikwa na makelele ya umati. Baada ya hapo wazungumzaji wanaanza kupokezana zamu, na kila mmoja anajitambulisha kwa namna anavyojitetea.

Katika "The Good Soldier" anazungumza askari. Amesimama katika mji ulioharibiwa na anatekeleza amri, lakini imani yake katika amri hizo inayeyuka. Hasemi kwamba anaamini. Anasema kwamba anajitahidi kuamini. Tofauti ya kauli hizi mbili ndiyo kiini cha wimbo, kwa kuwa anayejitahidi kuamini amekwisha kujua kwamba haamini, ila hana ujasiri wa kutenda kulingana na anachokijua. Inafaa kutambua kwamba muziki wa wimbo huu ni mtulivu kuliko mada yake. Mdundo wake unatembea polepole, mithili ya mtu anayepiga doria bila haraka. Kinaya hicho kinaonyesha jinsi ukatili unavyoweza kuwa kazi ya kawaida ya siku nzima.

Katika "Vessel" anazungumza mtu aliyeingiza kitu mwilini mwake, na kitu hicho sasa kinammiliki. Yamkini ni dawa. Yamkini ni itikadi. Utata huo ni wa makusudi, kwa kuwa katika ulimwengu wa kazi hii vitu hivyo viwili hufanya kazi moja. Katika "God Given" anasikika muumini anayeamini kwamba yeye na wenzake ndio wateule, na kwamba wateule hawawezi kukosea. Sauti yake ni ya kualika, tena ni ya kirafiki kabisa, na urafiki huo ndio unaotisha.

"Capital G" ni mfano ulio wazi zaidi. Mzungumzaji ni mtu aliyenufaika. Anakiri bila aibu kwamba alimpigia kura kiongozi aliyeleta maangamizi, na kwamba mateso ya wengine hayamhusu maadamu yeye anapata fungu lake. Wasikilizaji wengi waliuhusisha wimbo huu na Rais Bush kwa sababu ya herufi iliyo katika anwani. Usomaji huo unaeleweka, lakini unaweza kuupunguzia wimbo uzito. Anayezungumza si rais, bali ni mpiga kura. Rais mmoja huondoka madarakani muhula wake ukiisha, ilhali mpiga kura wa aina hiyo hubaki mtaani na hupiga kura tena.

Upinzani nao una sauti, lakini haukupambwa. Katika "My Violent Heart" mzungumzaji ananong'ona vitisho kwa watawala kabla ya kiitikio kulipuka. Katika "Meet Your Master" waliokandamizwa wanampigisha magoti aliyekuwa bwana wao, na lugha wanayoitumia ni ile ile ya kuamrisha na kudhalilisha. Kwa mbinu hiyo mtunzi anauliza swali ambalo wasomaji wa riwaya za baada ya uhuru barani Afrika wanalifahamu vyema: je, aliyemwondoa mkoloni akikalia kiti kile kile na kuishika fimbo ile ile, kilichobadilika ni nini?

Dola lenyewe, kwa upande wake, linasikika kwa uwazi mahali pamoja tu, katika "The Greater Good". Hapo hakuna kelele wala amri za kupaazwa. Kuna mnong'ono wa chini, unaorudiarudia maneno machache ya kushawishi na kulazimisha, juu ya mdundo unaolegea kama usingizi. Mtunzi mwingine angeliweka dola katika tarumbeta na vishindo. Reznor amelipa sauti ya mtu anayekuimbia ulale.

Mpangilio wa wazungumzaji hawa ndio unaoibeba maana ya kazi nzima. Kila mmoja, akisikilizwa pekee yake, ana sababu inayoeleweka: askari anaogopa, mlevi wa dawa anaumwa, muumini anatafuta usalama wa kundi, mnufaika anapenda mali. Hakuna kati yao aliyeamka asubuhi akakusudia kuiangamiza nchi. Lakini zikijumlishwa, sababu zao ndogo ndogo zinatoa jumla iliyo katika wimbo wa mwisho, "Zero-Sum". Humo mzungumzaji haimbi katika beti zake, anazungumza tu, kama mtu aliyeketi akingoja mwisho usiokwepeka. Na hapo nafsi ya kwanza umoja inageuka kuwa wingi. "Mimi" wote waliotangulia wanakutana katika "sisi" inayoona haya na kukiri kwamba haya yote yalichaguliwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Katika albamu hii mjukuu huyo anafika wakati ambapo nyumba imekwisha kuungua.

SAUTI KAMA MANDHARI

Riwaya huchora mandhari kwa maneno. Albamu hii imeyachora kwa kelele. Sehemu kubwa ya muziki wake ilianza kutungwa katika tarakilishi ya kupakata, Reznor akiwa safarini katika ziara ya albamu yake iliyotangulia, With Teeth (2005). Ndani ya basi na vyumba vya hoteli hakuwa na ala nyingi, na uchache huo wa vifaa ulichangia sura ya kazi. Gitaa limepungua, na mahali pake pamejaa milio ya mitambo, mikwaruzo, mivumo na midundo iliyokatwakatwa. Reznor ameeleza kwamba aliathiriwa na rekodi za mwanzo za kundi la Public Enemy, ambazo waandaaji wake walirundika vipande vya sauti tabaka juu ya tabaka hadi muziki ukawa kama mtaa wenye ghasia.

Kelele hizi zina kazi ya kisanaa. Nyimbo kadhaa huanza kwa utaratibu unaoeleweka, kisha ala zikaanza kuharibika, kana kwamba mtambo unaozicheza umeingiwa na kutu. "The Great Destroyer" ndio mfano mkuu. Mzungumzaji ni mtu anayeomba wanaomchunguza wasigundue nguvu ya maangamizi iliyofichika ndani yake. Wimbo wake unakwenda vizuri hadi katikati, kisha unapasuka, na dakika zinazosalia zinajaa mlipuko wa sauti zisizo na mpangilio. Maneno yanakoma kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuyasema.

Mara tu baada ya mlipuko huo, kinafuata kipande kisicho na maneno kiitwacho "Another Version of the Truth", ambacho kinaishia kwa piano pekee. Mahali hapa pana uzito wa pekee. Kwa zaidi ya nusu saa msikilizaji amezingirwa na mashine, na ghafla anasikia ala ya mbao na nyuzi, ikichezwa na vidole vya binadamu, polepole, kana kwamba mchezaji amebaki peke yake katika jengo lililobomoka. Kisha "In This Twilight" inawasikilizisha wanaoagana chini ya anga inayowaka. Kwa mujibu wa methali, kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika albamu hii mambo yamegeuzwa, kwani mshindo ndio uliotangulia na kimya kinachoufuata ndicho kinachoumiza.

HADHIRA KAMA MTAMBAJI MWENZA

Albamu yenyewe ni sehemu tu ya masimulizi. Miezi michache kabla ya kutolewa kwake, Reznor na kampuni ya 42 Entertainment walianzisha mchezo wa fumbo uliowashirikisha mashabiki. Mnamo Februari 2007, wakati wa ziara ya Ulaya, kuliuzwa fulana zilizoandikwa ratiba ya maonyesho. Waliozitazama kwa makini waligundua kwamba baadhi ya herufi zilikuwa zimekolezwa, na zilipounganishwa zilitoa ile kauli ya askari anayejitahidi kuamini. Kauli hiyo ilikuwa pia anwani ya tovuti, na tovuti hiyo ilizungumzia dawa iliyotiwa katika maji.

Siku chache baadaye, katika msala wa ukumbi wa tamasha mjini Lisbon, Ureno, ilipatikana flashi iliyokuwa na wimbo ambao haujatolewa. Mwishoni mwa wimbo palikuwa na mkwaruzo usio na maana. Mashabiki walipouchunguza mkwaruzo huo kwa programu inayogeuza sauti kuwa picha, waliona umbo la mkono ukishuka. Tovuti nyingine zikafuata, kila moja ikiwa na kipande cha ushahidi: ripoti za polisi, mazungumzo yaliyonaswa, mahubiri, ushuhuda wa askari. Kisingizio cha kisanaa kilikuwa kwamba matini hizo zilitumwa nyuma kutoka wakati ujao na watu waliotaka kuwaonya wa mwaka wa 2007. Hata diski yenyewe ilishiriki katika fumbo. Ilikuwa nyeusi, lakini baada ya kuchezwa na kupata joto iligeuka kuwa nyeupe na kufichua safu za sifuri na moja. Kwenye kasha palikuwa na onyo la kubuni, kana kwamba limetolewa na idara ya maadili, likimtahadharisha mnunuzi kuhusu hatari ya kusikiliza.

Nadharia ya upokezi inafaa kuangazia mbinu hii. Mhakiki Mjerumani Wolfgang Iser alisisitiza kwamba matini huacha mapengo, na kwamba maana huzaliwa msomaji anapoyajaza. Katika Year Zero mapengo yamefanywa makubwa kiasi kwamba msikilizaji mmoja hawezi kuyajaza. Ilibidi watu wa nchi mbalimbali wagawane kazi, mmoja akisoma picha, mwingine akifasiri namba, mwingine akisafiri hadi mahali palipotajwa. Aprili 2007 baadhi yao waliitwa mahali fulani mjini Los Angeles na kupewa simu. Baadaye walialikwa kwa tamasha la siri, nalo likakatizwa na watu waliovaa kama askari waliovamia ukumbi. Uvamizi huo ulikuwa sehemu ya hadithi.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na hali hii. Amefundishwa kwamba ngano haikamiliki bila hadhira inayoitikia, na kwamba utendaji hutukia mara moja tu, kwani ukirudiwa huwa ni utendaji mwingine. Mchezo wa 2007 ulikuwa utendaji wa aina hiyo. Anayeisikiliza albamu leo anapata matini pasi na tukio, kama msomaji wa ngano iliyochapishwa kitabuni. Wimbo ambao ulieleweka kwa sababu ya ripoti iliyosomwa tovutini sasa unasimama peke yake, na baadhi ya nafsineni zimepoteza majina yao.

JE, BAADA YA 2022?

Mwaka wa 2022 ulifika ukapita. Marekani haikuanza kuhesabu miaka upya, wala hakuna mkono ulioonekana mawinguni. Je, kazi hii imekufa? Mwaka wa 1984 nao ulipita, na riwaya ya Orwell ikaendelea kusomwa. Sababu ni kwamba tarehe katika fasihi ya distopia haikusudiwi kuwa ahadi. Ni kipimo cha umbali. Miaka 15 ni muda mfupi wa kutosha kumfanya msikilizaji wa 2007 ajue kwamba angekuwapo. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano siku albamu ilipotolewa angekuwa na miaka ishirini katika mwaka wa hadithi, umri wa yule askari. Kwa hivyo swali ambalo tarehe inamwuliza msikilizaji ni hili: kati ya leo na siku hiyo, wewe utakuwa umekubali nini?

Kwa wasomaji wa Kiswahili, swali hilo linakumbusha riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995). Mkangi, kama Reznor, aliubuni ulimwengu mwingine ili aizungumzie jamii yake, ingawa Walenisi ni nchi ya usawa na heri, ilhali Marekani ya Year Zero ni nchi ya maangamizi. Jina la ulimwengu wa Mkangi linabeba funzo lake: wale ni sisi. Kazi zote mbili zinakataa kumruhusu msomaji awatazame "wale" kwa mbali. Mkangi anafanya hivyo kwa jina, na Reznor anafanya hivyo kwa nafsi ya kwanza, kwa kuwa anayeufuata wimbo kwa sauti hujikuta akisema "mimi" mahali pa askari, pa mnufaika na pa muumini.

Hata hivyo, kazi hii ina upungufu wake. Kwanza, nafsi hizo zote zinapitia katika kinywa cha mwanamume mmoja, na sauti ya mwanamke aliyeishi chini ya utawala huo haisikiki kama nafsineni inayojitegemea. Pili, dini imesawiriwa kwa upande mmoja, kama chombo cha watawala tu, ilhali historia ya Marekani yenyewe ina mifano ya waumini walioongoza upinzani dhidi ya dhuluma, akiwamo Mchungaji Martin Luther King. Tatu, kuna ukinzani katika kazi inayoishutumu tamaa ya mali ilhali inauzwa na kampuni kubwa ya muziki. Reznor mwenyewe alionekana kuutambua ukinzani huo. Oktoba 2007 alitangaza kwamba ameachana na kampuni za rekodi, na mwaka wa 2008 akaitoa albamu ya The Slip bila malipo kupitia mtandao.

HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba Year Zero ni masimulizi yenye wahusika, mandhari, mpangilio na dhamira, japo hayana msimulizi wala mhusika mkuu. Mbinu yake kuu ni kuzipanga nafsineni zinazojitetea hadi utetezi wao ukageuka kuwa ushahidi dhidi yao. Yameonyesha pia kwamba kelele za kielektroniki, ambazo msikilizaji asiyezizoea anaweza kuziona kuwa fujo, hufanya kazi ya maelezo ya mandhari katika riwaya.

Wanafunzi wa Kiswahili wana zana za kuzihakiki kazi za aina hii. Istilahi kama nafsineni, utendaji, hadhira shiriki na kinaya hazikubuniwa kwa ajili ya diwani na ngano pekee. Nao muziki unaosikilizwa na vijana vyumbani mwao usiku, kwa vipokea sauti vya masikioni, una mambo ambayo uhakiki hauna budi kuyasikia. Mojawapo ni sauti ya mtu asiyemchukia yeyote, aliyepiga kura, akanywa maji aliyopewa, akatii amri, na ambaye mwishoni hana pa kuikimbilia "sisi" yake.